Mali Bila Daftari: Misitu ya Vijiji vya Tanzania ni ya Nani?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, wenyeviti na watendaji wao. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya mvua na hali ya barabara, wakaniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji, ndugu maafisa watendaji, wajumbe wa kamati za maliasili, wazee wangu, mama zangu, vijana. Wakubwa shikamooni. Wadogo hamjambo.

Nianze na kijana mmoja. Kati ya mwaka 2009 na 2014 nchi yetu ilifanya kazi kubwa ya kuhesabu misitu yote ya Tanzania Bara. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la NAFORMA. Haikufanyika kwa kukaa ofisini na kutazama picha za setilaiti peke yake. Watu waliingia porini kwa miguu wakapima viwanja vya sampuli zaidi ya 30,000, kutoka mikoko ya Rufiji hadi mapori ya Katavi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotembea.

Katika kijiji kimoja cha miombo tulipewa kijana wa kutuongoza. Alikuwa anashika ncha ya utepe na kututajia miti kwa majina: mtundu, mninga, mpingo, mkongo. Mimi napima unene wa shina usawa wa kifua, mwenzangu anaandika kwenye fomu. Siku ya tatu, tumekaa kivulini tunakula mihogo ya kuchemsha, akaniuliza: "Bwana miti, mkishamaliza kuhesabu, tutaambiwa ipi ni yetu?"

Nilimjibu kwa haraka. Nilimwambia ripoti itatoka. Na kweli ripoti ilitoka, mwaka 2015, kitabu kinene chenye ramani na majedwali. Lakini niambieni ninyi mliotoka vijijini: nani kati yenu amewahi kukiona kitabu hicho kwenye ofisi ya kijiji? Nyoosheni mikono. (Hakuna aliyenyoosha.) Basi ninayoyasema leo ni jibu nililopaswa kumpa yule kijana.

Ndugu zangu, tuna misitu kiasi gani? Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Ukichukua ardhi yote ya Bara, zaidi ya nusu yake, karibu asilimia 55, ni msitu wa aina moja au nyingine. Zanzibar wana sheria zao na hesabu zao, hawamo humu.

Mtu akisikia neno msitu anafikiria Sao Hill kule Mufindi, misindano imepangwa mistari kama wanafunzi wa paredi. Sao Hill ni shamba kubwa, lina hekta zaidi ya 135,000, na ni mali ya Serikali. Wengine wanafikiria misitu minene ya milimani: Usambara, Uluguru, Udzungwa. Hiyo nayo ni midogo kwa eneo, ingawa ni mikubwa kwa kazi yake. Maji wanayokunywa wakazi wa Dar es Salaam kutoka Mto Ruvu, sehemu kubwa yanaanzia Uluguru. Lakini katika zile hekta milioni 48.1, milioni 44.7 ni misitu ya wazi, yaani miombo na jamaa zake. Ni lile pori mnalopita mkienda shamba. Ni pale mnapotundika mizinga. Ni pale mama anapookota uyoga mvua za kwanza zikinyesha. Mnaliita pori. Kwenye kitabu cha Taifa ni msitu, na ndio msitu wenyewe hasa wa nchi hii.

Sasa swali la yule kijana. Ipi ni yenu?

Serikali Kuu inashika zaidi kidogo ya theluthi moja. Halmashauri za wilaya zina kama asilimia 6 na nusu. Watu binafsi na kampuni, asilimia 7 hivi. Kuna asilimia kama 6 iliyo kwenye ardhi inayoitwa ya jumla. Na vijiji? Vijiji vina hekta milioni 21.9. Karibu asilimia 46 ya misitu yote.

Narudia, maana mara ya kwanza nilipolisoma jedwali lile nilidhani nimekosea mstari. Mwenye misitu mingi kuliko wote Tanzania Bara ni kijiji, anayeizidi Serikali Kuu, na hakuna kampuni wala tajiri anayemkaribia. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Mngeigawa misitu hiyo sawasawa, kila kijiji kingepata hekta kama 1,800. Najua haijagawanyika hivyo, wengine mna milima mitupu na wengine mna mapori msiyoyafikia mwisho. Lakini mwenyekiti uliyekaa hapa mbele, ulipoapishwa, kuna mtu alikukabidhi orodha ya mali ya kijiji? Shule iliandikwa. Zahanati iliandikwa. Kisima kiliandikwa. Msitu uliandikwa?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hii inapotea. Ripoti ileile ilisema tunapoteza hekta 372,816 za misitu kila mwaka. Hesabu zilizofanywa baadaye zilipandisha kiasi hicho hadi zaidi ya hekta 460,000. Nichukue ile ndogo, isije ikasemwa natia chumvi. Ukigawa kwa siku 365, ni zaidi ya hekta 1,000 kwa siku. Tumeingia ukumbini saa tatu asubuhi. Sasa hivi saa yangu inasema saa tano. Katika saa hizi mbili tumepoteza hekta zaidi ya 80, na bado hatujanywa chai.

Kuna hesabu nyingine inayoeleza kwa nini. Misitu yetu inayoruhusiwa kuvunwa inaweza kutoa mita za ujazo milioni 42.8 za miti kwa mwaka bila kuharibika. Nchi inatumia milioni 62.3. Ni mtu ana mshahara wa 42 na matumizi ya 62, kila mwezi, kila mwaka. Anakula nini? Anakula mtaji. Sehemu kubwa ya matumizi hayo ni kuni na mkaa, na juu yake kuna mashamba mapya yanayofunguliwa kila msimu. Simlaumu mama mwenye jiko la mkaa pale Mbagala au Mwanjelwa. Hakuchagua. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa tangu Januari 2024. Ni jambo jema na naliunga mkono. Lakini lori la mkaa la usiku wa leo halisubiri mwaka 2034.

Na lori hilo linajaza wapi? Hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri. Haliendi Sao Hill. Pale kuna geti na kuna askari. Linakwenda kwenye pori ambalo mwenyewe hajulikani. Linakwenda kwenye shamba la bibi.

Kwa nini msitu wa kijiji uwe shamba la bibi wakati sheria ipo? Nitawasomea kitu ambacho wengi hawakijui, hata baadhi ya wataalamu wenzangu.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi kwa pamoja. Sheria ya Ardhi Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Zote mbili zinakubaliana kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Zote zinagawa ardhi mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji, na ardhi ya jumla. Sheria ya Vijiji inasema ardhi ya jumla ni ile ambayo si ya hifadhi wala si ya kijiji. Inaeleweka. Lakini Sheria ya Ardhi, ile Namba 4, inaongeza maneno machache mwishoni. Inasema ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Isiyokaliwa au isiyotumika! Nani anakaa ndani ya msitu? Msitu ukikaliwa si msitu tena. Na kutumika ni nini? Mgeni anayekuja na gari, akisimama barabarani akatazama pori lako, anaona nini? Haoni mizinga 40 iliyotundikwa kule bondeni. Haoni njia ya akina mama wa uyoga. Haoni ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wanaingia kiangazi na yeye amekuja masika. Haoni mizizi ya dawa wala mahali pa matambiko. Anaona eneo tupu.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Kuna kijiji nilikifanyia kazi, nisikitaje, kilikuwa na pori zuri la mninga. Kamati ilikuwa imeundwa kwa mdomo, sheria ndogo zilikuwa kwenye daftari la shule la mwenyekiti, na ramani haikuwepo. Akaja mwekezaji anatafuta ardhi. Kwenye karatasi zilizoandaliwa, pori likaandikwa eneo lisilotumika. Wanakijiji walisimama mbele ya maafisa wakaeleza wanavyolitumia, mzee kwa mzee, mama kwa mama. Afisa mmoja akawauliza kwa upole kabisa: imeandikwa wapi? Nilikuwa nimekaa palepale. Mimi, bwana miti wao wa miaka mitatu, niliyeahirisha ramani yao kila mwaka kwa sababu ya bajeti. Lile pori halikurudi. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusimama kwenye mikutano kama huu.

Sasa linganisheni na upande wa pili. Mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Misitu Namba 14. Sheria hii inaruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake ikawa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji. Tofauti yake ni nini? Chukulia mininga miwili, umri mmoja, unene mmoja, na katikati yake kuna mpaka wa msitu mliotenga. Mninga ulio nje ya mpaka upo kwenye ardhi yenu, mmeukuta, mmeulinda na moto. Lakini ni mti uliohifadhiwa kisheria, hivyo mfanyabiashara anakwenda kuchukua leseni ofisini, analipa mrabaha Serikalini na ushuru halmashauri, anakuja na msumeno wa mnyororo, anaondoka. Kijiji kinaambulia kidogo au hakiambulii kitu. Mninga ulio ndani ya mpaka, kijiji ndicho kinachopanga uvunwe au usivunwe, ndicho kinachokaa na mnunuzi kupatana bei, na fedha ya mti inaingia kwenye akaunti ya kijiji. Mrabaha wa Serikali hautozwi humo. Mti ni uleule, na kilichobadilika ni mstari kwenye ramani pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu.

Na misitu kiasi gani imetengwa hivyo? Takwimu za mwaka 2012 zilionyesha misitu iliyo chini ya usimamizi wa vijiji vyenyewe ilikuwa hekta milioni mbili na kitu. Kati ya milioni 21.9. Ni kama sehemu moja katika kumi. Tisa zilizobaki ni zenu kwa jina tu, na yeyote mwenye shoka anaingia.

Labda mtu anasema moyoni: haya ni maneno ya ofisini, sisi wakulima tutaweza wapi kusimamia msitu? Nimewaletea habari ya Babati.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Babati, kulikuwa na safu ya vilima vya miombo inaitwa Duru-Haitemba. Hekta kama 9,000, vijiji vimeuzunguka. Serikali ilikuwa imeamua kuuhifadhi. Wapima wakaja, mipaka ikaanza kuwekwa. Nia ilikuwa njema, msitu ulikuwa unaliwa. Lakini wanakijiji walifanya nini walipoona mipaka inawekwa? Walikata! Waliongeza kasi. Kila mmoja alichukua alichoweza kabla hakijawa cha Serikali. Na mngekuwa ninyi? Ukiambiwa kesho ghala lako linachukuliwa, leo hutatoa gunia?

Baadaye wataalamu waliokuwepo wakafanya jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa la ajabu. Waliacha kuchora mipaka, wakakaa vikao na wenyeji wa Ayasanda, Duru, Riroda na wenzao, wakawauliza: kama msitu ungekuwa wenu, mngeulindaje? Wenyeji wakaanza kutaja. Mkaa usichomwe. Mashamba yasifunguliwe ndani. Kuni kavu ziruhusiwe. Mbuzi wasiingie sehemu zilizochoka. Kila kijiji kikachukua kipande chake, kikachagua kamati na vijana wa doria, na kufikia mwaka 1995 vijiji vikawa na sheria ndogo zake. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa bado haijazaliwa. Uhalifu uliowashinda askari wa wilaya, waliokuwa wachache na wasio na gari, ukashuka. Wachoma mkaa walikuwa watoto wa palepale, na mtoto wa palepale anamwogopa shangazi yake kuliko askari.

Mimi nasema Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mama yake mzazi ni vilima vile. Watunga sera walikwenda Babati wakaona inawezekana. Msiseme wakulima hawawezi, kwa sababu wakulima ndio walioanza.

Kule Kiteto, vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo viliunganisha nguvu, wakaita msitu wao SULEDO. Ni hekta zaidi ya 160,000, na ndani yake wamo wakulima na wafugaji, watu ambao sehemu nyingine wanapigana. Mwaka 2002 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nije kwa Wasukuma, maana nawaona wapo humu. Mwajua ngitili. Zamani familia au kijiji kilifunga kipande cha malisho masika ili kiangazi mifugo ipate kula. Halafu ukoloni ukaja kufyeka miti ya Shinyanga ili kuua mbung'o, pamba ikaongezeka, mifugo ikaongezeka, na nchi ikawa nyeupe. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikuwa kama hekta 600. Mpango ule mwanzoni ulikuja na miche ya kupanda. Ukajifunza kwa wenyeji kwamba ardhi ikifungwa tu, visiki vyenyewe vinachipua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Nyingine za vijiji, nyingi za familia. Hapo kuna jambo kwa wale wanaodhani kuhifadhi lazima kuwe kwa pamoja. Mzee mwenye ekari zake tano za ngitili naye ni mwenye msitu, na aandikiwe hakimiliki yake ya kimila kama mwenye shamba la mahindi.

Sasa wengine mtaniambia: bwana miti, ulinzi haulishi watoto. Kweli kabisa. Msitu usioleta kitu mezani utalindwa msimu mmoja.

Kilwa wana mpingo. Mnaujua mpingo, Wamakonde wanauchonga vinyago, na ng'ambo wanautengenezea zumari na klarineti za bei kubwa. Kwa miaka mingi mti ule ulitoka Kilwa na kijiji hakikujua umekwenda wapi wala kwa shilingi ngapi. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao, vikapima, vikahesabu miti mmoja mmoja, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa utaratibu. Gogo linapigwa nyundo ya kijiji, yaani muhuri wa chuma unaogongwa kwenye gogo kuonyesha limevunwa kihalali. Mnajua uzito wa neno hilo, ninyi mliozoea kuona nyundo ya msitu mkononi mwa afisa peke yake?

Na Kilosa wakafanya jambo ambalo wengi walilipinga: mkaa. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vilitenga kipande cha msitu kwa ajili ya mkaa, vikakigawa miraba ya mita 50 kwa 50 kama ubao wa drafti. Unavuna mraba mmoja, unauruka wa jirani. Visiki vinaachwa vichipue, na mraba uliovunwa unapumzika miaka 24. Mchomaji analipa kijiji kwa gunia, na fedha ile imejenga madarasa. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliosema hayawezekani. Nilikwenda nikaona machipukizi ya mtundu yananipita kimo, nikanyamaza.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani njia ni nyeupe. Mwaka 2019 zilitoka kanuni mpya za uvunaji na biashara ya mazao ya misitu, zikapeleka sehemu ya maamuzi ya vijiji kwenye kamati za wilaya. Waliozitunga walikuwa wanapambana na magendo, naelewa. Ila kijiji kilichopanga kwa miaka na kufuata mpango wake kilijikuta kinasubiri kikao ambacho hakijui kitakaa lini. Lisemeni hilo kwa wabunge wenu, kwa heshima, lakini lisemeni.

Na adui mwingine yuko ndani. Kamati inayogawana faini. Mwenyekiti anayesaini kibali nyumbani kwake usiku. Akaunti ambayo mkutano mkuu haujasomewa taarifa yake miaka miwili. Wanakijiji wakishajua fedha ya msitu inaliwa na watu watano, wataurudia msitu kwa shoka, na mimi sitakuwa na neno la kuwaambia. Someni mapato hadharani. Bandikeni ukutani. Na wekeni akina mama kwenye kamati kwa idadi ya maana, wakae na waseme, kwa sababu wao wanaingia msituni kila siku na wanajua kisiki kipi ni cha jana.

Siku hizi mnaletewa pia habari za biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kuacha miti isimame ili iendelee kufyonza hewa hiyo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, watu wanaoishi kwa kuwinda, asali na mizizi, walipewa hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011. Nchi yao ndiyo hasa ambayo mgeni angeiita isiyotumika. Leo wanalipwa kwa kuutunza msitu ule. Kule Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vimepokea mabilioni ya shilingi kwa njia hiyohiyo. Je, wangelipwa kama wasingekuwa na karatasi? Nani angelipwa? Mnunuzi wa hewa ukaa swali lake la kwanza ni lilelile la yule afisa: imeandikwa wapi? Tangu mwaka 2022 zipo kanuni za Serikali za biashara hii. Basi akija mtu na mkataba wa miaka 30 anataka sahihi jioni hiihii, mpeni maji ya kunywa, mumwambie mkutano mkuu haujakaa.

Namalizia na kazi yenyewe. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano unaokuja, ajenda iwe hii: kutenga msitu. Mkutano uchague kamati. Kamati itembee mpaka pamoja na wazee na majirani wa vijiji vya jirani, maana migogoro mingi huanzia pale ambapo jirani hakuitwa. Andikeni ndani kuna nini na nani anatumia nini: mizinga, uyoga, malisho, matambiko, yote. Hayo maandishi ndiyo yatakayosema kwamba ardhi inatumika. Ombeni ofisi ya misitu ya wilaya iwasaidie ramani na mpango wa usimamizi. Tungeni sheria ndogo, zipite kwenye baraza la madiwani. Halmashauri ya kijiji itangaze. Mkishausimamia miaka mitatu mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na ukifika huko, kuuchukua kutoka kwenu si kazi ya kalamu moja.

Mtakutana na bwana miti atakayewaambia bajeti haipo. Anaweza kuwa anasema kweli. Mwambieni mtatembea wenyewe, yeye alete kipimo na sahihi tu. Nimewaletea nakala 60 za fomu ya muhtasari wa mkutano mkuu, zipo mezani pale kwa mtunza kumbukumbu. Kila kijiji kichukue mbili, moja ya kujaza na moja ya kubaki ofisini.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa maswali. Tuanze na mama aliyekaa karibu na dirisha, mkono wake uko juu tangu nilipotaja mininga.